Kinga Iliyozuiliwa Njiani: Kani za Ndani ya Uvimbe, Mwenendo wa Seli za Kinga na Wajibu wa Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna kani zinazojitokeza ndani ya uvimbe wa saratani zinavyoathiri mwenendo wa seli za kinga, na namna Kiswahili kinavyoweza kulieleza jambo hilo kwa usahihi. Inajadiliwa kwamba maelezo ya kinga yaliyoenea wakati wa kampeni dhidi ya UKIMWI yaliwazoesha wasemaji wa Kiswahili kuipima kinga kwa idadi ya "askari". Katika aina nyingi za saratani, hata hivyo, askari wanaweza kuwa wengi na bado wasimfikie adui, kwa kuwa njia imebanwa. Makala inahitimisha kwa kuonyesha kuwa mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unatosha kuibeba maarifa haya, mradi maneno yateuliwe kwa uangalifu.

1.0 Utangulizi

Kahawa Sukari ni mtaa wa makazi ulio kando ya barabara kuu ya Thika, katika eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Karibu na mtaa huo kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako Kiswahili hufundishwa hadi kiwango cha uzamifu. Ipo pia Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kuhudumia wagonjwa mwaka 2019, na ambayo matibabu ya saratani ni sehemu kubwa ya kazi zake. Taasisi ya kwanza inaichunguza lugha. Ya pili inaihitaji lugha hiyo kila siku, kwa kuwa ripoti ya maabara huandikwa kwa Kiingereza lakini mgonjwa, pamoja na jamaa aliyemsindikiza, mara nyingi huelezwa hali yake kwa Kiswahili.

Mgonjwa mwenye donge kwenye titi anaweza kuuliza maswali mawili. Kwanza, mbona donge hili ni gumu kuliko nyama inayolizunguka? Pili, ikiwa mwili una kinga, mbona kinga hiyo haikulimaliza? Kwa muda mrefu maswali haya yalijibiwa kama mambo mawili yasiyohusiana. Ugumu ulichukuliwa kuwa dalili tu ya kumsaidia daktari kulitambua donge kwa vidole vyake. Kushindwa kwa kinga kulielezwa kwa kemia na jeni. Utafiti wa miongo miwili iliyopita umebainisha kuwa maswali haya yanakaribiana mno. Ugumu wa uvimbe, pamoja na kani zinazoambatana nao, ni miongoni mwa sababu zinazoifanya kinga ishindwe kazi. Si sababu pekee, lakini ni sababu ambayo maelezo ya kawaida kwa Kiswahili bado hayajaipa nafasi.

2.0 Kinga kama idadi: urithi wa kampeni za UKIMWI

Nomino "kinga" inatokana na kitenzi "-kinga", yaani kuzuia kitu kisimfikie mtu. Maana ya kitabibu ilikuwapo, lakini ni janga la UKIMWI lililoitia nomino hii kinywani mwa kila msemaji. Akronimu yenyewe, Upungufu wa Kinga Mwilini, inatamka wazi kwamba tatizo ni upungufu. Ili kulieleza jambo hilo mashuleni, makanisani, misikitini na katika redio, waelimishaji walitumia sitiari ya vita: chembe nyeupe za damu ni askari, virusi ni adui, na mgonjwa ni nchi iliyovamiwa.

Sitiari hiyo ilifaa. Katika UKIMWI virusi huziangamiza seli T zenye alama ya CD4, na hali ya mgonjwa hufuatiliwa kwa kuzihesabu. Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban seli 500 hadi 1,500 za aina hiyo katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, mgonjwa huwa katika hatari kubwa. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki alijifunza, na kwa haki, kuwa kinga ni kitu kinachopanda na kushuka.

Tatizo linazuka sitiari hiyo inapohamishiwa kwenye saratani bila kubadilishwa. Mgonjwa huelewa kuwa kinga yake "imeshuka", na hatua inayofuata kwa mantiki hiyo ni kutafuta kitu cha "kuipandisha". Wauzaji wa unga, majani na vidonge vinavyodaiwa kuongeza kinga huipata hapo hoja yao ikiwa tayari imejengwa. Ilhali damu ya mgonjwa huyo inaweza kuwa na seli za kinga za kutosha, na nyingine zikawa zimejipanga ukingoni mwa uvimbe wenyewe, zikishindwa kuingia. Katika hali hiyo swali la "ngapi?" halina budi kufuatwa na swali la "ziko wapi, na nini kinazizuia?"

3.0 Kani nne zinazojitokeza ndani ya uvimbe

Neno "kani" katika fizikia ya Kiswahili hutaja kile kinachosukuma, kinachovuta au kinachobadili umbo la kitu. Ndani ya uvimbe hujitokeza angalau hali nne za kimekanika ambazo hazipaswi kuchanganywa.

3.1 Ukakamavu wa tishu

Seli za mwili hazielei ovyo. Zinashikwa na wavu wa nyuzi za protini, hasa kolajeni. Katika titi lenye afya wavu huo umelegea. Uvimbe unapokua, seli zinazofuma nyuzi, ziitwazo fibroblasti, huchochewa kufuma zaidi, kuzivuta nyuzi hizo na kuziunganisha kwa vifungo vya kikemikali. Matokeo yake ni tishu iliyokakamaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na kikundi cha Valerie Weaver nchini Marekani, tishu ya kawaida ya titi la panya ilikuwa na ukakamavu wa takriban paskali 170, na ya uvimbe takriban paskali 4,000. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 20 ndiyo ambayo vidole vya daktari huihisi.

3.2 Mgandamizo

Seli za uvimbe huzaliana mahali penye nafasi finyu. Zinapoongezeka huzisukuma tishu jirani, na tishu hizo nazo huzisukuma kwa ndani. Nguvu hiyo hubaki imehifadhiwa katika uvimbe. Kikundi cha Rakesh Jain cha Boston kilionyesha jambo hili kwa njia nyepesi kueleweka: uvimbe uliotolewa mwilini ukikatwa kwa kisu, kingo za mkato hufunguka na sehemu ya kati huchomoza, mithili ya mfuko uliojazwa kupita kiasi unapopasuliwa mshono. Mgandamizo huo huifinya mishipa midogo ya damu na ya limfu iliyomo ndani.

3.3 Shinikizo la majimaji

Katika tishu ya kawaida majimaji yanayovuja kutoka mishipa ya damu hukusanywa na mishipa ya limfu, hivyo shinikizo lake hukaribia sufuri. Mishipa ya damu ya uvimbe huvuja kupita kiasi, na mishipa ya limfu, ikiwa imefinywa, haiyatoi majimaji hayo. Shinikizo hupanda, na katika aina nyingi za uvimbe limepimwa kufikia milimita 10 hadi 40 za zebaki. Dawa inayosafirishwa na damu hukuta ndani ya uvimbe shinikizo linalokaribia lile la mshipa wenyewe, hivyo haipati msukumo wa kuitoa mshipani na kuipenyeza.

3.4 Mtiririko

Kwa kuwa shinikizo ni kubwa katikati na dogo ukingoni, majimaji hutiririka polepole kuelekea nje. Mtiririko huo huzikwaruza seli zilizo njiani na huchukua kemikali kutoka ndani ya uvimbe hadi kwenye matezi ya limfu. Seli ya kinga inayotaka kuingia husafiri kinyume cha mkondo.

4.0 Namna seli inavyoihisi kani

Ingeweza kudhaniwa kuwa seli, kwa udogo wake, haina namna ya kujua kama imebanwa. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanon aliyefanya utafiti wake nchini Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza ugunduzi wa protini mbili zilizopewa majina Piezo1 na Piezo2. Protini hizi zimo katika utando wa seli kama vilango. Utando ukivutwa au ukisukumwa, kilango hufunguka na chembe za kalisi huingia. Kuingia kwa kalisi ndiko kunakoipa seli habari kwamba imeguswa. Kwa ugunduzi huo Patapoutian alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021, pamoja na David Julius aliyechunguza namna mwili unavyohisi joto.

Piezo1 imo pia katika seli za kinga. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa makrofaji, yaani seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, huuhisi mkupuo wa mapafu kwa kutumia kilango hicho na kubadili mwenendo wake kulingana nao. Aidha, seli ina protini ziitwazo integrini, zinazoushika wavu wa nyuzi kama vidole vinavyoshika kamba. Kamba ikikaza, seli hujua. Hatimaye kiini cha seli, kikibanwa, hubadilika umbo na kuathiri jeni zipi zinasomwa. Kwa ufupi, seli ya kinga hupapasa mazingira yake kabla ya kutenda.

5.0 Mwenendo wa seli za kinga chini ya kani

5.1 Kuzuiliwa njiani

Ili seli T imuue adui ni lazima imguse. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walichunguza vipande hai vya uvimbe wa mapafu vilivyotolewa kwa wagonjwa. Waliona kuwa seli T zilitembea kwa wepesi katika sehemu ambamo nyuzi zilikuwa zimelegea, na zilikwama mahali ambapo nyuzi zilisongamana kuzizunguka seli za saratani. Nyuzi zilipoyeyushwa kwa kimeng'enya, seli T nyingi zaidi ziliwafikia walengwa wao.

Kizuizi hicho kina kipimo. Sehemu kubwa ya seli inaweza kujinyumbua, lakini kiini chake hakinyumbuki sana. Kwa mujibu wa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013, seli T hukwama tundu la wavu linapopungua hadi takriban maikromita za mraba 4, isipokuwa ikiwa ina vimeng'enya vya kuzikata nyuzi. Nutrofili, ambayo kiini chake kimegawanyika vipande, hupenya hadi tundu la maikromita za mraba 2. Hivyo tishu ileile inaweza kuwa mlango wazi kwa seli moja na ukuta kwa nyingine.

5.2 Kunyamazishwa

Kani haiishii kuzuia njia. Huweza pia kugeuka kuwa ujumbe wa kikemikali. Mfano mzuri ni protini iitwayo TGF-beta. Protini hii huhifadhiwa katika wavu wa nyuzi ikiwa imefungwa, bila kufanya kazi. Fibroblasti zikizivuta nyuzi za wavu uliokakamaa, kifungo hufunguka na TGF-beta huachiliwa. Wavu ukiwa laini, mvuto huo hupotea na kifungo hubaki. TGF-beta iliyoachiliwa huzizuia seli T zisifanye kazi, na wakati huohuo huzichochea fibroblasti kufuma nyuzi zaidi. Ugumu huzaa ugumu, na kila mzunguko huongeza ukimya wa kinga.

5.3 Kuchoshwa

Seli T iliyomo ndani ya uvimbe kwa muda mrefu huchoka: bado iko hai, bado inamtambua adui, lakini haiui. Kwa muda mrefu uchovu huo ulielezwa kwa kuchochewa mfululizo na adui yuleyule. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Cell mwaka 2024 uliongeza sababu nyingine. Seli T zinazobanwa katika tishu iliyokakamaa hufungua vilango vya Piezo1, na ujumbe unaotokana na hapo huongeza protini iitwayo Osr2, ambayo huzizima jeni za kuua. Kwa hiyo hata seli iliyofaulu kuingia inaweza kupokonywa silaha na mahali penyewe.

5.4 Kumuua adui aliye laini

Lipo jambo la nne ambalo linaonekana kupingana na yaliyotangulia. Uvimbe ni mgumu, lakini seli za saratani zenyewe, zikipimwa moja moja, mara nyingi ni laini kuliko seli za kawaida. Ulaini huo unazisaidia kupenya na kuhama. Unazisaidia pia kunusurika. Seli T inapomgusa mlengwa wake humsukuma na kumvuta, na mwaka 2016 kikundi cha Morgan Huse cha New York kilionyesha kuwa kani hiyo hurahisisha kazi ya perforini, protini inayotoboa utando wa mlengwa. Utando uliotanuka hutoboka kwa urahisi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, uliolegea hukwepa. Mwaka 2021 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walipunguza kolesteroli katika utando wa seli za saratani za panya, seli hizo zikawa ngumu zaidi, na seli T zikaziua kwa ufanisi zaidi.

Hivyo uvimbe unajikinga mara mbili: kwa ugumu wa tishu inayouzunguka, na kwa ulaini wa seli zake.

6.0 Uvimbe usio na ukuta: mfano kutoka Mulago

Ni kosa kudhani kuwa kila saratani hujificha nyuma ya ukuta wa nyuzi. Afrika Mashariki yenyewe ina mfano wa kinyume, nao ni maarufu duniani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waliona virusi katika seli za uvimbe huo, virusi ambavyo leo hubeba majina ya Epstein na Barr. Limfoma ya Burkitt, kama inavyoitwa sasa, huwapata pia watoto wa Kenya, hususan wa maeneo ya Ziwa Viktoria na pwani, ambako malaria ni nyingi.

Saratani hii huanzia katika seli B, ambazo ni seli za kinga. Seli zake husongamana karibu bila nyuzi baina yake. Chini ya hadubini makrofaji huonekana zimetapakaa miongoni mwa seli hizo, zikimeza zilizokufa, na wataalamu hulifananisha umbo hilo na anga lenye nyota. Hapa seli za kinga zimo ndani tele. Kikwazo si ukuta. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, lakini kwa kawaida huyeyuka upesi ukitibiwa kwa dawa zinazofaa. Mfano huu unaonya kuwa maelezo ya kani ni lazima yaseme ni saratani ipi inayozungumziwa. Saratani ya matiti, ya kongosho na ya umio mara nyingi huwa na nyuzi nyingi; limfoma ya Burkitt haina.

7.0 Kiswahili na lugha ya kani

7.1 Majina

Neno "saratani" limetoka katika Kiarabu na maana yake ya asili ni kaa, mnyama wa majini mwenye gamba gumu na miguu inayoshikilia. Kigiriki na Kilatini nazo ziliutaja ugonjwa huu kwa jina la kaa. Neno "uvimbe", kwa upande mwingine, hutokana na "-vimba" na hutaja ukubwa tu. Hutumika hata kwa mguu ulioteguka. Wala "ugumu" halitoshi, kwa sababu hutaja pia uzito wa jambo, kama katika "ugumu wa maisha".

Kwa ajili hiyo inafaa nomino zigawanywe kazi. "Ukakamavu" utumike kwa tabia ya tishu kukataa kukunjwa. Msemaji tayari hulijua neno hili kutokana na viungo vilivyokakamaa. "Mgandamizo" utumike kwa kitu kigumu kinachokibana kingine. "Shinikizo", ambalo kila familia inalijua kutokana na shinikizo la damu, litengewe majimaji. Katika maandishi ya fizikia "kanieneo" lishike nafasi hiyo. "Mtiririko" ubaki kwa majimaji yanayosogea. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilithibitisha kuwa kazi ya namna hii inawezekana. Kinachohitajika ni kuiendeleza mahali taaluma hizo tatu zinapokutana.

7.2 Vitenzi

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika mnyambuliko wa vitenzi. Tazama sentensi zifuatazo:

(a) Uvimbe unaubana mshipa wa limfu.
(b) Mshipa wa limfu unabanwa na uvimbe.
(c) Seli za uvimbe zinabanana.
(d) Nyuzi zinaibania seli T njia.

Mzizi mmoja umetoa mahusiano manne: mtenda, mtendwa, kutendana na kutendea. Sentensi (c) inaueleza mgandamizo kwa neno moja, na sentensi (d) inamwonyesha anayepata hasara. Katika mazungumzo ya kila siku kumbania mtu ni kumnyima haki yake, na hivyo ndivyo nyuzi zinavyoifanyia seli T. Uangalifu unahitajika pia, kwa kuwa si kila umbo hubaki katika uwanja wa kani: "kubanika" ni kuchoma nyama kando ya moto, na "kukazana" ni kufanya bidii.

Kitenzi "-kakamaa" nacho kina funzo. Ni kitenzi cha hali, kisichomtaja mtenda. Anayesema "tishu imekakamaa" hajasema ni nani aliyeifanya hivyo, na msikilizaji anaweza kudhani kuwa ndivyo ilivyoumbwa. Anayesema "fibroblasti zimeikakamaza tishu" amemtaja mtenda, na palipo na mtenda pana uwezekano wa kumzuia. Tofauti hiyo ya kiambishi ndiyo tofauti baina ya kukata tamaa na kutafuta tiba.

Cha mwisho ni "-songa". Kusonga ni kwenda mbele. Kusonga pia ni kubana na kukandamiza, kama asongavyo ugali mpishi, na kama asongwavyo mtu na mawazo. Katika matini ya kawaida utata huu humsumbua mfasiri. Katika matini ya saratani unapaswa kutatuliwa waziwazi: seli T "inasogea" iendapo, na "inasongwa" ibanwapo. Mwandishi akiandika tu kwamba seli "inasonga", msomaji hatajua kama iko njiani au imekwama.

8.0 Athari kwa tiba na kwa maelezo ya mgonjwa

James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuondoa breki zinazozizuia seli T. Dawa zilizotokana na kazi yao zimewasaidia wagonjwa wengi, lakini wengine wengi hawapati nafuu. Maelezo ya kani yanatoa sababu mojawapo: kuiondolea seli breki hakuisaidii iwapo haijafika.

Kwa hiyo watafiti wanajaribu kuilainisha njia. Losatani, dawa ya kawaida ya shinikizo la damu, hupunguza ufumaji wa kolajeni. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2019 liliitumia pamoja na dawa za saratani na mionzi kwa wagonjwa 49 wa saratani ya kongosho, na matokeo yalitia moyo, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka huohuo jaribio kubwa la kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya haluroni katika saratani hiyohiyo halikurefusha maisha ya wagonjwa. Isitoshe, ukuta wa nyuzi unaoizuia kinga unaweza pia kuzizuia seli za saratani zisitoke. Losatani haijaidhinishwa kuwa dawa ya saratani, na haifai mtu kuinunua kwa lengo hilo.

Kwa mgonjwa, faida ya maelezo sahihi haisubiri dawa mpya. Kwanza, yanamwondolea lawama: mwili wake haukuwa mzembe, wala hakushindwa kwa kula vibaya juma lililopita. Pili, yanamkinga na biashara ya "kuongeza kinga", kwa kuwa ataelewa kwamba kuongeza askari hakufungui barabara. Tatu, yanatilia mkazo kuwahi hospitali. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini Kenya, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea. Ukuta wa nyuzi hujengwa kwa muda. Uvimbe ukikutwa mapema hukutwa haujajizatiti. Izingatiwe, hata hivyo, kuwa donge gumu si lazima liwe saratani, na donge laini si lazima liwe salama. Vidole huanzisha uchunguzi. Kipande cha tishu kinachopelekwa maabara ndicho kinachoumaliza.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa ukakamavu, mgandamizo, shinikizo na mtiririko huzizuia seli za kinga njiani, huzinyamazisha, huzichosha na hata huziathiri katika tendo lenyewe la kuua. Imeonyesha vilevile kuwa sitiari ya askari, iliyofaa katika kuuelezea UKIMWI, haina budi kuongezewa uwanja: mabonde, kuta na njia zilizobanwa. Sitiari hiyo haihitaji kutupwa, kwani hata msimulizi wa vita huanza kwa kuieleza ardhi.

Inapendekezwa kuwa wanafunzi wa isimu na tafsiri wanaosoma jirani na hospitali za rufaa washirikiane na wauguzi na wanafunzi wa udaktari kukusanya maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kwa donge, ugumu, maumivu na mbano. Orodha hiyo ilinganishwe na istilahi zilizosanifiwa, na pale ambapo neno la mgonjwa ni sahihi zaidi, lipewe nafasi kamusini. Katika kazi hiyo kila neno lipimwe kwa swali moja: je, mgonjwa akilisikia ataelewa kinachoendelea mwilini mwake?